Usafi wa mashine ya barafu

Usafi wa mashine ya barafu ni jumla ya kazi zinazofanywa ili mashine inayotengeneza barafu ya kuliwa, au ya kuhifadhia chakula, isiwe chanzo cha magonjwa. Kazi hizo ni pamoja na kulinda ubora wa maji yanayoingia, kuondoa ukoko wa chokaa, kuua vijidudu, kubadilisha vichujio, kusafisha sehemu zinazotoa joto na kuchota barafu kwa njia safi. Mashine za aina hii hupatikana katika hoteli, mikahawa, baa, hospitali, maduka makubwa, masoko ya samaki na viwanda vya kusindika samaki.

Msingi wa suala hili ni kwamba barafu ni chakula. Mwongozo wa chakula wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) unaitaja barafu moja kwa moja katika fasili yake ya chakula. Vilevile kanuni za Codex Alimentarius, zinazosimamiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya FAO na WHO, zinataka barafu inayogusa chakula itengenezwe kwa maji yanayofaa kunywewa. Hata hivyo mahali pengi barafu hutunzwa kwa uangalifu mdogo kuliko nyama au maziwa. Sababu ni kwamba barafu huonekana safi kwa macho, na watu wengi huamini kwamba baridi huua vijidudu. Imani hiyo si sahihi.

Historia

Kabla ya kuwepo kwa mashine, barafu ilikatwa kwenye maziwa na mabwawa ya nchi za baridi wakati wa majira ya baridi, kisha ikahifadhiwa ndani ya unga wa mbao. Mfanyabiashara Frederic Tudor wa Boston, Marekani, alianza kuisafirisha kwa meli hadi kisiwa cha Martinique mwaka 1806, na mwaka 1833 shehena yake ilifika Calcutta, Uhindi. Usafi wa barafu hiyo ulitegemea usafi wa bwawa ilikokatwa.

Daktari John Gorrie wa Apalachicola, Florida, alitaka kupoza vyumba vya wagonjwa wa homa. Mwaka 1851 alipata hataza ya Marekani kwa mashine ya kutengeneza barafu. Katika miaka hiyohiyo ya 1850 James Harrison huko Australia na Ferdinand Carré huko Ufaransa walibuni mitambo mingine, na ule wa Carré ulitumia amonia. Tangu hapo barafu iliweza kutengenezwa hata katika nchi za joto. Usafi wake haukutegemea tena bwawa la mbali, bali maji ya bomba na mikono ya mwenye mashine.

Jinsi mashine inavyofanya kazi

Mashine ya barafu hutumia njia ileile ya jokofu. Kompresa hukandamiza gesi ya kupozea hadi ikawa na joto kali. Gesi hiyo hupita kwenye mabomba ya nje, ambako feni au maji huichukulia joto lake na kuifanya kimiminika. Kimiminika hupenya kwenye tundu jembamba, shinikizo lake hushuka, nacho hugeuka kuwa mvuke baridi ndani ya sahani ya kugandishia. Sahani hiyo ndiyo inayogusa maji.

Katika mashine za vipande, pampu ndogo huzungusha maji juu ya sahani tena na tena. Maji halisi huganda kwanza, na sehemu kubwa ya chumvi na madini hubaki katika maji yasiyoganda. Ndiyo maana barafu ya mashine nzuri ni angavu. Kila mzunguko unapokwisha, maji yaliyobaki humwagwa ili madini yasirundikane. Kisha gesi ya moto hupitishwa nyuma ya sahani kwa muda mfupi, barafu huachia na kuangukia kwenye sanduku la kuhifadhia.

Katika mashine za barafu ya chenga, maji huganda kwenye ukuta wa silinda na parafujo kubwa inayozunguka huikwangua barafu bila kukoma. Barafu ya mabonge, inayotumiwa sana na wavuvi, hutengenezwa kwa kutumbukiza makopo ya maji ndani ya maji ya chumvi yaliyopozwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi.

Jambo moja kuhusu sanduku la kuhifadhia husahaulika mara nyingi. Katika mashine nyingi za biashara sanduku hilo limezungushiwa kizuia joto tu, halina mtambo wake wa kugandisha. Barafu iliyomo huyeyuka polepole muda wote, na kuta za juu na mlango huwa na unyevu bila kuwa na ubaridi mkali. Hapo ndipo ukungu huanza.

Kwa nini vijidudu hukaa ndani ya mashine

Ndani ya mashine mna maji, giza, hewa yenye unyevu na sehemu nyingi zisizo baridi: mabomba ya plastiki, beseni la maji, pazia la kuzuia maji kuruka na mfereji wa maji machafu. Bakteria zinazojishika kwenye nyuso hizo hutengeneza utando wa ute unaozikinga dhidi ya dawa. Utando huo huonekana kama utelezi wa rangi ya waridi, kahawia au nyeusi. Hamira na kuvu nazo huingia kwa njia ya hewa, hasa mashine inapokuwa karibu na mahali pa kuokea mikate au pa kumwagia bia.

Kuganda hakuui vijidudu vyote. Baadhi hufa, lakini wengi husinzia tu na kuamka barafu inapoyeyuka. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambamo bakteria za kuhara, zikiwemo Salmonella na Shigella, ziligandishwa ndani ya barafu kisha barafu hiyo ikawekwa katika vinywaji mbalimbali. Baadhi ya bakteria zilibaki hai hata katika vinywaji vyenye pombe kali. Kwa hiyo dhana kwamba kileo husafisha barafu chafu nayo haina msingi.

Bakteria ya Listeria monocytogenes ina hatari ya pekee kwa sababu huweza kuongezeka hata katika ubaridi wa jokofu. Huwadhuru hasa wajawazito, watoto wachanga, wazee na watu wenye kinga dhaifu. Katika hospitali, mashine za barafu zimewahi pia kuhusishwa na maambukizi ya Legionella, bakteria inayopenda maji ya vuguvugu yanayosimama kwenye mabomba.

Milipuko ya magonjwa iliyohusishwa na barafu

Mwezi Septemba 1987 watu wengi katika majimbo ya Pennsylvania na Delaware, Marekani, waliugua kuhara na kutapika, wakiwemo waliohudhuria mchezo wa mpira wa vyuo vikuu. Uchunguzi ulionyesha kwamba wagonjwa walikuwa wametumia barafu ya kiwanda kilichochota maji kwenye visima vilivyofikiwa na mafuriko. Ugonjwa ulisababishwa na kirusi ambacho leo huitwa norovirusi. Barafu iliyotengenezwa mahali pamoja iliwafikia watu wa mahali pengi ndani ya siku chache.

Mwaka 1991 kipindupindu kilipoenea nchini Peru, uchunguzi katika mji wa Piura ulihusisha ugonjwa huo na maji yasiyochemshwa na vinywaji vya wachuuzi wa barabarani, hasa vile vilivyotiwa barafu. Barafu hiyo ilikuwa imetengenezwa kwa maji ya mji. Funzo lake ni kwamba mtu anaweza kuchemsha maji ya juisi kwa uangalifu, kisha akaharibu kazi yote kwa vipande vitatu vya barafu.

Maji yanayoingia

Mashine haisafishi maji. Hupunguza madini tu kwa namna iliyoelezwa juu. Maji yakiwa machafu, barafu nayo itakuwa chafu. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki maji ya kutengenezea barafu ya chakula yanapaswa kufikia kiwango cha maji ya kunywa, EAS 12.

Katika miji mingi maji hayafiki kwenye mashine moja kwa moja kutoka bombani. Hupitia kwanza kwenye tangi la juu ya paa au la chini ya ardhi, na pengine yameletwa na gari la maji. Tangi lisilofunikwa vizuri huingiza vumbi, wadudu na kinyesi cha ndege. Kwa hiyo kusafisha mashine bila kusafisha tangi ni kazi nusu. Maji ya visima vya pwani nayo mara nyingi huwa na chumvi nyingi. Chumvi hiyo huila metali na kufanya barafu iwe laini na yenye ukungu mweupe.

Vichujio huwekwa kabla ya mashine. Kichujio cha kwanza huzuia mchanga na kutu. Kile cha mkaa maalumu huondoa ladha na harufu, pamoja na klorini. Jambo hili la mwisho lina pande mbili: ladha ya barafu huwa nzuri, lakini maji yanayoingia hayana tena klorini ya kuzuia vijidudu. Mashine yenye kichujio cha mkaa inahitaji kusafishwa kwa bidii zaidi. Kichujio kilichopitiliza muda wake huwa chenyewe makazi ya bakteria, hivyo hubadilishwa kwa muda uliowekwa na mtengenezaji, au mapema zaidi shinikizo la maji likishuka.

Kusafisha na kuua vijidudu

Haya ni mambo mawili tofauti. Kusafisha ni kuondoa uchafu na ukoko wa chokaa. Kuua vijidudu ni kutumia dawa juu ya uso ambao tayari ni safi. Klorini inayomwagwa juu ya ute huishia kupambana na ute huo kabla ya kufikia bakteria walio chini yake. Ukoko wa chokaa huondolewa kwa tindikali isiyo kali sana, kwa kawaida ya fosforasi au ya limau. Sahani iliyopakwa nikeli huweza kuharibiwa na tindikali isiyofaa, kwa hiyo ni lazima kusoma kitabu cha mashine kabla ya kununua dawa.

Hatua za kawaida ni hizi:

1. Kuzima mashine na kutoa barafu yote sandukuni. Barafu hiyo hutupwa. Haiwekwi kando ili irudishwe.
2. Kuweka mashine katika hali ya kusafisha, kutia dawa ya tindikali ndani ya beseni la maji kwa kipimo cha mtengenezaji, na kuacha pampu iizungushe.
3. Kumwaga dawa na kusuuza kwa maji safi mara kadhaa.
4. Kukata umeme, kisha kufungua pazia, beseni, mabomba ya kugawia maji na kifaa cha kupimia kina cha maji. Vyote husuguliwa kwa brashi laini. Brashi ya waya haitumiki, kwani mikwaruzo huwa maficho ya bakteria.
5. Kusugua ndani ya sanduku, mlango, mipira ya mlango na tundu la kutolea maji.
6. Kupaka au kuzungusha dawa ya kuua vijidudu kwenye kila sehemu inayogusa maji au barafu, kwa muda ulioandikwa kwenye kibandiko cha dawa.
7. Kurudisha vifaa mahali pake, kuwasha mashine na kutupa barafu ya mizunguko ya kwanza.

Dawa inayotumika sana ni klorini ya nguvu isiyozidi miligramu 200 kwa lita. Kipimo chake hupatikana kwa hesabu rahisi. Dawa ya dukani isiyo na manukato, yenye klorini asilimia 3.5, ina takriban miligramu 35,000 kwa lita. Lita 10 za mchanganyiko zinahitaji miligramu 2,000, yaani mililita 57 hivi za dawa. Kuongeza dawa zaidi ya hapo hakuongezi usalama. Huleta kutu na kuacha harufu katika barafu.

Tindikali na klorini hazichanganywi kamwe, wala moja haitumiwi kabla nyingine haijasuuzwa kabisa. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, gesi ileile iliyotumiwa kama silaha ya vita huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Katika chumba kidogo cha nyuma ya baa, kosa hilo linaweza kumwua msafishaji. Glavu, miwani ya kinga na mlango wazi ni sehemu ya kazi.

Ratiba

Watengenezaji wengi hutaka mashine isafishwe kikamilifu angalau mara moja kila miezi sita. Mwongozo wa FDA hutaja muda wa mtengenezaji, au usipokuwepo, muda unaotosha kuzuia uchafu na ukungu kujikusanya. Maji yenye chokaa nyingi, vumbi, joto au ukaribu wa hamira hufupisha muda huo. Mpango unaofaa kwa mkahawa wa kawaida ni kama ufuatao:

- Kila siku: kuosha kichoteo na chombo chake, kufuta mlango wa sanduku, kutazama na kunusa barafu.
- Kila wiki: kufuta nje ya mashine, kuangalia tundu la maji machafu na kutafuta utelezi kwa kupitisha karatasi nyeupe kwenye pazia na kingo za ndani.
- Kila mwezi: kuondoa vumbi kwenye kichujio cha hewa na mabomba ya nje, na kutoa barafu yote ili kusafisha sanduku.
- Kila miezi sita au mapema zaidi: kuondoa chokaa na kuua vijidudu katika mfumo wote, na kubadilisha vichujio vya maji.

Vumbi kwenye mabomba ya nje si suala la usafi wa macho tu. Huzuia joto kutoka, kompresa hufanya kazi kwa muda mrefu, umeme hutumika zaidi na barafu hutoka kidogo. Vivyo hivyo, ukoko wa chokaa kwenye sahani hufanya barafu ing'ang'anie na kutoka ikiwa imevunjika. Barafu yenye mashimo, harufu, ladha ya ajabu au chembe nyeusi ni dalili kwamba kazi imecheleweshwa.

Kila usafishaji huandikwa kwenye daftari lenye tarehe, dawa iliyotumika na jina la aliyefanya kazi. Bila daftari, kila mtu katika zamu huamini kwamba mwenzake alisafisha.

Kuchota na kutunza barafu

Barafu safi huweza kuchafuliwa ndani ya sekunde moja na mkono. Anayechota anapaswa kunawa mikono kwa sabuni na kutumia kichoteo chenye mpini. Kichoteo huwekwa nje ya sanduku katika chombo safi, au ndani mahali ambapo mpini hauzami katika barafu.

Kuchota kwa glasi ni kosa linalojirudia katika baa. Glasi ikivunjika, vipande vyake havionekani kati ya barafu. Tiba yake ni moja tu: kutoa na kuyeyusha barafu yote, kuosha sanduku na kuanza upya. Vilevile sanduku la barafu si jokofu. Chupa za soda, nyama au chakula cha mfanyakazi havipozwi humo, kwa sababu barafu iliyopoza sehemu ya nje ya chupa haifai tena kuliwa.

Bomba la maji machafu la mashine halipaswi kuunganishwa moja kwa moja na mfereji wa maji taka. Huachwa nafasi ya hewa kati ya mdomo wa bomba na mfereji, ili mfereji ukiziba maji taka yasipande hadi kwenye barafu. Kwa kawaida nafasi hiyo huwa angalau mara mbili ya kipenyo cha bomba.

Barafu ya samaki

Katika pwani ya Afrika Mashariki na kandokando ya maziwa makuu, barafu nyingi hutumika kwa samaki. Umuhimu wake ni mkubwa. Jodari na vibua wasiopozwa haraka hujenga histamini mwilini mwao, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Kwa hiyo kukosa barafu ni hatari, na kuwa na barafu chafu ni hatari nyingine.

Mabonge ya barafu huchafuliwa zaidi baada ya kutoka kiwandani: yanapoburutwa sakafuni, yanapofunikwa kwa magunia yaliyotumika, au yanapopondwa kwenye saruji ambako watu hupita na viatu. Kinga yake ni ya bei nafuu, nayo ni turubai safi, meza ya kupondea na masanduku yanayooshwa. Barafu iliyogusa samaki haitumiwi mara ya pili, wala haiuzwi kwa wauza juisi.

Umuhimu wa usafi huu kiuchumi ulionekana miaka ya 1997 hadi 1999, wakati Umoja wa Ulaya ulipozuia mara kadhaa samaki wa Ziwa Viktoria kwa sababu za kiafya. Sheria za Umoja huo zinataka hata barafu iliyomo ndani ya shehena ya samaki iwe imetengenezwa kwa maji safi.

Umeme ukikatika na baada ya mafuriko

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, maji hubaki yamesimama ndani ya beseni na barafu huyeyuka sandukuni. Umeme ukirudi, mashine huendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya katizo refu, maji yaliyosimama humwagwa, barafu iliyoyeyuka na kugandamana hutupwa, na sanduku huoshwa kabla ya kuanza tena.

Baada ya mafuriko, au wakati mamlaka za afya zinapotangaza kipindupindu na kutaka maji yachemshwe, mashine iliyounganishwa na bomba huzimwa. Barafu iliyomo hutupwa yote, vichujio hubadilishwa, na mashine husafishwa na kuuliwa vijidudu baada ya maji kuthibitishwa kuwa salama. Tahadhari hii husahaulika kwa urahisi: wapishi huchemsha maji ya kunywa jikoni, huku mashine ikiendelea kugandisha maji yaleyale yaliyokatazwa.

Tazama pia

- Barafu
- Jokofu
- Kipindupindu
- Maji ya kunywa
- Usalama wa chakula